Kidonda cha unyayo kwa mgonjwa wa sukari na figo: nimtembeze?

Habari wadau. Mgonjwa ana miaka 58, sukari ya muda mrefu, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Mguu wa kulia, chini ya shina la kidole gumba, ana kidonda cha sentimita 2 kwa 3 kilichozungukwa na sugu. Hasikii maumivu. Rufaa imeandikwa "mazoezi ya kutembea" tu. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Mkuu, huko kutosikia maumivu ndiko kunakotisha. Mwenye hisia angechechemea, kidonda kikapona. Huyu anakikanyaga kwa uzito wote. Usimtembeze kabla hujajua kama damu inafika na kama mfupa umeguswa.

Papasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Ukigawa presha ya kifundo kwa ya mkono ukapata zaidi ya 1.3, usifurahi: wagonjwa wa sukari na figo mishipa yao hujaa chokaa, kafu (mkanda wa kupimia presha) inashindwa kuibana, namba inapanda bure. Pima presha ya kidole cha mguu; ikiwa chini ya 30 mmHg, daktari wa mishipa amwone haraka. Mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu) usifungwe kafu kabisa.

Kisha ingiza taratibu kidondani kijiti cha chuma kilichotakaswa. Kikigonga kitu kigumu kinachokwaruza, shuku maambukizi ya mfupa hata kama eksirei ni safi, kwani wiki 2 za mwanzo mara nyingi haioneshi kitu.

Jibu la 2
Upande wa kidonda: sugu ikwanguliwe na aliyefunzwa, damu ikishathibitika inafika. Vipimo vya kidonda chukua baada ya hapo, maana chini ya sugu huwa kimejificha kipande kingine. Osha kwa saline (maji ya chumvi ya hospitali). Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama changa. Bonge la gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) chini ya unyayo ni sawa na jiwe ndani ya kiatu, liepuke. Eneo lisipopungua nusu ndani ya wiki 4, usikimbilie kubadilisha dawa: kagua upya mzigo, damu na maambukizi.

Jibu la 3
Damu ikiwa nzuri na hakuna maambukizi, plasta ngumu (kama ya mfupa uliovunjika) isiyovuliwa, hadi chini ya goti, ndiyo bora. Ya kuvuliwa huvuliwa nyumbani, mtu akaenda chooni na kandambili. Kiatu cha kushoto kiinuliwe soli zilingane, la sivyo ataanguka. Mguu huo nao upime hisia kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, maana mzigo unahamia huko. Uzi huo usiuweke juu ya sugu.

Pima presha akiwa amelala, halafu amesimama dakika 1 na dakika 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, abaki na mazoezi ya kukaa, mfano kunyoosha goti. Mpangie siku asiyosafishwa damu.

Muulizaji
Asanteni sana. Visigino navyo nivikague?

Jibu la 3
Vyote viwili, kila mara. Anakaa takriban saa 4 kwenye kiti cha kusafishia damu, visigino vimegandamizwa pale pale. Mto uwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani.