Ujiji: mnara wa Livingstone mbona uko mbali na maji?

Msoma_Ramani:
Wakuu, wasafiri wa karne ya 19 wanaieleza Ujiji kama mji uliokaa ukingoni kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Leo kutoka mnarani, pale panapokumbukwa Livingstone kukutana na Stanley, hadi mwaloni (ufuo wa kuegesha mitumbwi) ni mwendo. Mnara ulijengwa pasipo pake, au ziwa limekimbia? Na reli kwa nini ikaishia Kigoma, jirani, badala ya Ujiji?

Mwalo_wa_Zamani:
Ziwa limekimbia. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ng'ambo upande wa Kongo penye Kalemie. Cameron, mpelelezi Mwingereza, alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na matete na tope. Mito inaingiza, pa kutokea hapana, basi ziwa likawa juu. Kizuizi kikaachia mwishoni mwa miaka ya 1870. Hore, baharia wa misheni ya London iliyoweka kituo Ujiji mwaka 1878, aliukuta Lukuga ukienda kwa kasi. Katika miaka kama 15 maji yakashuka karibu mita 10.

Sasa piga hesabu. Ufuo ukiinama mita 1 kwa kila mita 50, maji yakishuka mita 10 unapata mita 500 za nchi kavu. Ujiji ufuo umelala. Kigoma vilima vinazama majini ghafla, kwa hiyo ukingo ulisogea kidogo. Wengi hukosea kwa kuchukua picha ya satelaiti ya leo na kuipachika maelezo ya wapelelezi Burton na Speke, waliofika Februari 1858.

Doti_na_Shuka:
Nyongeza: mji haukuanza na Wazungu. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walishafika miaka ya 1840, nao waliwakuta Wajiji na soko lao: chumvi ya Uvinza, mawese, samaki. Baadaye pembe na watumwa ndivyo vilivyoukuza. Malipo yalikuwa nguo (doti 1 ni shuka 2, yaani mikono 8) na shanga za sofi, vipande vifupi kama shina la kiko lililovunjika.

Na tarehe muwe waangalifu. Livingstone alifika mara ya kwanza Machi 1869. Kukutana na Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, huandikwa 10 Novemba 1871, ila shajara ya Livingstone inaangukia Oktoba, maana wote wawili walipoteza hesabu ya siku kwa maradhi. Salama zaidi kuandika "mwishoni mwa 1871".

Mwalo_wa_Zamani:
La reli ni kina cha maji. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Ujiji ni wazi kwa mawimbi, na meli kubwa ingekwama mchangani mbali na gati. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli ya Wajerumani Graf von Goetzen, ndiyo Liemba ya leo, ikashushwa majini hapohapo mwaka 1915.

Msoma_Ramani:
Shukrani. Na maji yaliyopanda miaka hii, si yanarudi kule kule?

Mwalo_wa_Zamani:
Yamefunika nyumba na mialo ya chini, kweli, lakini bado yako mita kadhaa chini ya kimo cha mwaka 1878, kabla ziwa halijashuka.