Nguzo za gati zinadidimia tu: niunge zaidi au naliwa?

HoriLaWete: Assalaam aleykum jamaa. Najenga kijigati cha boti huku Wete. Nguzo za chuma zimeshaingia mita 9 na bado kila pigo zinashuka. Fundi anataka tuunge mita 6 kila nguzo. Ni kweli au naliwa?

KarafuuKavu: Unaliwa. Banda langu la vyumba viwili lilikula tofali za msikiti.

BiShamba: Mikoko mmeikata kwa kibali? Kamba watazalia wapi?

Mfinyanzi: Udongo gani? Na mlipima lini?

HoriLaWete: Tope. Fundi alihesabu mapigo mangapi nguzo inashuka.

Mfinyanzi: Lini, yakhe?

HoriLaWete: Palepale nyundo ikipiga. Lakini fundi mzoefu huyu, na mabomba ya kuungia nshayalipia, yanakuja na jahazi la Tanga.

Mfinyanzi: Basi umepima wakati mbaya kuliko wote. Nyundo inauvuruga udongo wa mfinyanzi, maji ya ndani yanabanwa hayana pa kutokea, udongo haukamati chuma. Yakishajipenyeza, siku hata wiki kadhaa, udongo unajibana upya na kuushika ubavu wa nguzo. Watafiti Skov na Denver, 1988, walitoa kanuni: nguzo ikishapigwa, nyongeza ya uwezo wake wa kubeba ya siku ya 1 hadi ya 10 ni sawa na ya siku ya 10 hadi ya 100. Kwa udongo wa mfinyanzi, uwezo wa tani 10 siku ya 1 huwa kama 16 siku ya 10. Mchanga huongeza kidogo tu. Usijengee namba hizo, matope hayafanani, na upo udongo unaolegea badala ya kukaza. Ziache nguzo mbili wiki mbili, zipigwe tena, uangalie zinashuka kiasi gani kwa mapigo ya mwanzo tu. Ukizidisha unavuruga upya.

HoriLaWete: Wiki mbili winchi ya kukodi ikae bure? Na bamvua hilo, maji makubwa, linakuja. Mie naona tuunge tu.

MtuWaMtemani: Chai hii! Nakaa Wete, nyundo ya nguzo ipigwe nisisikie? Picha iko wapi?

HoriLaWete: Sikusema mjini. Ni pande la chuma linavutwa na winchi, linaachiwa.

KarafuuKavu: Tupe picha, hata ya tope.

Mfinyanzi: Iwe chai iwe uji, asiunge kabla ya kupiga upya.

HoriLaWete: Fundi huyo kafika na mashine ya kuchomea. Nimwambie nini?

BiShamba: Mwambie jahazi limekosa upepo.