Mtoto kapata matege, ndipo mnaniambia habari za vitamini D?

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Miguu imepinda, vifundo vya mikono vimevimba, na daktari aliyesoma eksirei hakusita: matege, yaani mifupa kulainika kwa kukosa vitamini D. Wadau, mimi kliniki sikukosa, tangu ujauzito. Chanjo zote kapata, kadi imejaa mihuri. Siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyenitajia vitamini D.

Nilimnyonyesha bila kumpa kingine miezi 6, kama nilivyoagizwa. Kumbe maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo mno! Na si siri. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kila mtoto apewe mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, tangu azaliwe hadi atimize mwaka, anyonye asinyonye. Ni matone tu ya mdomoni. Kwa nini mimi nayasikia leo?

Halafu naulizwa kwa sauti ya kunilaumu: "Mama, huyu humtoi juani?" Namweka dirishani kila siku! Nani aliniambia kwamba kioo kinazuia mionzi ile ile inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D? Nani aliniambia kwamba ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani?

"Ota jua, kula samaki wenye mafuta." Huo ni ushauri, na ukishindikana lawama anabeba mama. Sera ni kama waliyofanya Ufini. Mwaka 2003 walianza kutia vitamini D kwenye maziwa na siagi za kupaka, mwaka 2010 wakapandisha kiwango maradufu. Wastani wa vitamini D kwenye damu za watu wazima ulikuwa nanomoli 48 kwa lita (ndicho kipimo chake) mwaka 2000. Mwaka 2011 ulifika 65, na wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa inatosha. Mtu alikunywa maziwa yake kama kawaida, basi. Kanada nao wameiweka kisheria kwenye maziwa na majarini.

Msiniletee hoja kwamba ikizidi ni sumu. Najua. Uingereza miaka ya 1950 watoto waliugua kwa kalsiamu kuzidi kwenye damu, baada ya vitamini D kutiwa kupita kiasi kwenye vyakula vyao. Wakapunguza vipimo. Kwa hiyo ninyi wa wizara ya afya, pimeni na msimamie, hiyo ndiyo kazi mliyopewa. Kukaa kimya hakujamlinda mwanangu na sumu yoyote, kumempinda mifupa.

Ninachodai: matone yatolewe bure pale pale panapotolewa chanjo, na yaandikwe kwenye kadi kama chanjo inavyoandikwa, ili muuguzi akiona pengo aulize.

Wenye watoto wachanga, ninyi mliambiwa? Andikeni hapa mtoto alikuwa na umri gani mlipoambiwa. Na kama hujaambiwa na unanyonyesha, kesho nenda ukaulize, usisubiri miguu ianze kupinda.