Pleti zisizooshwa kwa dawa: kuna aliyezitumia? Naomba ushauri

Mchapaji_Keko:
Wakuu, habari zenu. Nasimamia chumba cha pleti kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Keko, Dar. Pleti (bati la alumini linalobeba picha ya kuchapwa) ikitoka kwenye mashine ya leza inayoichora picha, tunaipitisha kwenye dawa ya alkali, kisha maji, kisha gundi ya kuilinda. Juzi dawa ilimrukia kijana wangu mkononi, ngozi ikababuka. Ikishachoka tunaimwaga mtaro wa nyuma, na pale watoto hucheza. Roho inaniuma. Nasikia zipo pleti za polima (plastiki) inayochorwa kwa joto la leza, zinafungwa kwenye mashine ya kuchapa moja kwa moja bila kuoshwa. Bosi anaogopa gharama. Nimwambieje?

Rola_Mbili:
Pole kwa kijana. Kabla ya pleti, nunua glavu na miwani leo. Dawa hiyo pH yake (kipimo cha ukali wa alkali, mwisho 14) hufika 13, ni ndugu wa kostiki soda. Ile iliyochoka iwekeni kwenye madumu, waulizeni NEMC, baraza la mazingira, nani ana kibali cha kuichukua.

Mkemia_Moro:
Naongezea. Kwenye pleti za joto mlizozoea wengi, leza inapopiga, polima hulegea, alkali ikaiosha. Hizi mpya kuna aina inayofanya kinyume: juu ya alumini kuna chembe ndogo mno za polima, mfano wa utomvu wa mpira. Leza ya nanomita 830 (urefu wa wimbi la mwanga wake, usioonekana kwa macho) ikipita, rangi iliyomo hugeuza mwanga kuwa joto, chembe zinayeyuka, zinashikana na kung'ang'ania alumini. Pasipopigwa, tabaka linabanduliwa na maji ya fauntini (yanayolowesha pleti wakati wa kuchapa) na wino, linaondoka na karatasi chache za mwanzo.

Rola_Mbili:
Sisi tulihamia huko. Pleti bei iko juu kidogo, lakini mpigie bosi hesabu nzima: dawa, maji, umeme, matengenezo ya mashine ya kuoshea. Ubaya wake, picha haionekani vizuri kwenye pleti, kwa hiyo kosa la herufi usipolikamata kwenye kompyuta utalikuta kwenye karatasi. Zinakwaruzika upesi. Wino wa UV, unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, huzichosha mapema. Ila leza yako ni ipi?

Mchapaji_Keko:
Nimesoma kibati cha nyuma ya mashine ya leza. Kimeandikwa nanomita 405, na taa ya chumba ni ya njano.

Mkemia_Moro:
Hiyo ni leza ya zambarau, kaka. Inafanya kazi kwa mwanga, si kwa joto. Pleti za 830 haziwezi kufanya kazi hapo. Usimruhusu bosi anunue hata pakiti moja. Zipo pleti za zambarau zinazooshwa kwa gundi tu, bila alkali kali. Omba sampuli, na uliza kama zinahitaji kupashwa moto kabla ya kuoshwa, maana si kila mashine ina sehemu hiyo. Gundi chafu nayo ina polima, isiende mtaroni.

Mchapaji_Keko:
Mmeniokoa, alikuwa anataka kuagiza wiki hii. Glavu zimeshanunuliwa, bomba la mtaroni nimelifunga, madumu mawili yameshajaa. Nani anamjua muuzaji wa hizo za gundi hapa Dar?