Mjadala: Je, Dodoma ijitangazie hadithi ya muziki wa kompyuta wenye sauti ya Kigogo, yaani ya Wagogo wenyeji wa Dodoma? (Kila msemaji anatajwa kwa mtaa wake wa Dodoma.)

Area C: Wakuu, mimi napinga. Hadithi ya mji haizai muziki, hutungwa muziki ukishakuwepo. Angalieni Detroit. Tunaambiwa tekno, muziki wa dansi wa mashine, ilizaliwa na mitambo ya viwanda vya magari vya jiji hilo la Marekani. Lakini waanzilishi wake, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikutana shuleni Belleville, mji mdogo nje ya Detroit, zaidi ya kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Walichokuwa nacho ni sinthesaiza (vinanda vya umeme vinavyounda sauti), mashine za ngoma na redio: mtangazaji Electrifying Mojo alikuwa akipiga kundi la Kraftwerk la Ujerumani na fanki ya Marekani katika kipindi kimoja. Halafu 1988 ikatoka London albamu ya mkusanyiko iliyoutambulisha muziki huo duniani. Mwanzoni ilikusudiwa kuitwa sauti ya "house" ya Detroit, na house ni muziki wa dansi wa Chicago, yaani kivuli cha Chicago! Neno tekno liliingizwa mwishoni. Muhuri wa mji uligongwa ng'ambo.

Chamwino: Mkuu, umeruka hatua. Atkins na mwenzake Rik Davis, wakiwa kundi la Cybotron, walishatoa wimbo wenye neno "techno" pamoja na neno "mji" mwaka 1984, miaka minne kabla ya London. Jina lilitoka ndani, soko ndilo lililotoka nje. Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, vilevile. Dunia iliisikia zaidi baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, Mburahati, mwaka 2017. Lakini vijana wa Manzese na Tandale walikuwa wakiiita singeli kabla ya hapo, na nyuma yao ulikuwepo mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, na vinanda vyake vidogo vya Casio. Ukikaa kimya, mwingine atakuandikia.

Na sisi tumeshaandikiwa. Mwanamuziki Hukwe Zawose ni Mgogo wa huku, lakini ukisoma habari zake unakutana na Bagamoyo, alikofundisha Chuo cha Sanaa, na lebo ya Real World ya Uingereza. Dodoma inatajwa kama mahali alipozaliwa tu, basi.

Ipagala, studio: Ndugu zangu, mnabishania bango kabla ya duka. Kikwazo cha kwanza ni mizani ya sauti. Marimba ya Kigogo, ilimba, yaani vyuma vinavyopigwa kwa vidole juu ya boksi, haifuati kinanda. Inakaribia sauti asilia zinazopandana juu ya sauti moja ya msingi. Ukigawa nusu sauti ya kinanda katika senti 100, basi sauti ya tatu juu ya msingi (mi) iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14 hivi, na ile ya saba ndogo (ti iliyoshushwa nusu sauti) iko chini kwa senti 31. Hiyo senti 31 ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Mtu anarekodi ilimba, anaweka juu yake kodi (chords, sauti kadhaa kwa pamoja) za kinanda, anasikia kero, kisha anawasha programu ya kunyoosha sauti. Ugogo wote umefutika hapo.

Fanya kinyume. Rekodi kila chuma peke yake, maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu la boksi. Usitumie kichujio cha kelele, kwa sababu ule mvumo wa utando wa buibui juu ya tundu ni sehemu ya ala, na kichujio kinauona kama uchafu. Kisha shusha besi na sinthesaiza zifuate ilimba, kwa senti zilezile.

Kosa la pili ni kasi. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye 220, pigo moja ni milisekunde 273, robo yake 68. Chuma kinahitaji muda zaidi ya huo ili kivume, kwa hiyo sauti zinarundikana na kuwa tope. Ukizikata fupi, mvumo unakufa. Afadhali ilimba iende kwenye 110 na ngoma za kompyuta 220 juu yake: hesabu inalingana na chuma kinapata kupumua.

Area C: Sawa fundi, umenisaidia hoja. Roland TB-303, mashine ndogo ya kupiga besi, ilitengenezwa kwa ajili ya wapiga gitaa wasio na mpiga besi, ikashindwa sokoni, uzalishaji ukasimama 1984. Ikauzwa rahisi, na vijana wa Chicago, kundi la Phuture, wakazungusha vifundo vyake hadi ikatoa mtindo wa "acid" mwaka 1987. Mashine iliyotupwa, siyo hadithi.

Chamwino: TB-303 zilitupwa miji mingi, mkuu. Kwa nini Chicago? Kwa sababu DJ Ron Hardy alikuwa na ukumbi na watu walioamini kwamba mji wao una muziki wake. Wimbo ule wa Phuture aliupiga mara kadhaa usiku mmoja mpaka wakaukubali. Imani hiyo ndiyo naiita hadithi.

Kikuyu: Kaka zangu, wote mmetaja wanaume na mashine. Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, zikiwa zimebanwa mapajani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi. Basi kabla ya kurekodi: makubaliano ya maandishi, jina la kikundi na kijiji ndani ya kila faili, na mgawo wa mapato utajwe kwa asilimia. Fundi wa Ipagala, wewe unawaandikaje?

Ipagala, studio: Dada, jina la kikundi huwa naliandika kwenye faili. Mgawo sijawahi kuuandika.