Dawa ya baipola na tezi ya shingo: je, mdogo wangu aache lithiamu?

Kaka wa Dodoma

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 34, ambaye ameniruhusu kueleza habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Aligundulika kuwa na ugonjwa wa baipola, yaani wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, baada ya kupita majuma kadhaa bila usingizi wa maana, akizungumza mfululizo na kugawa mtaji wa duka lake kwa watu asiowajua. Tangu alipoanzishiwa vidonge vya lithiamu, karibu miaka miwili iliyopita, hali ile haijarudi, naye amelifufua duka lake kwa mikono yake mwenyewe.

Hata hivyo, miezi ya karibuni amebadilika kwa namna nyingine kabisa. Amekuwa mzito wa mwili na wa mawazo, analala mchana, ananenepa ingawa anakula kidogo, sauti imekwaruza, nywele zinakatika, anapata choo kigumu, na katika joto hili la Novemba yeye anavaa sweta. Kliniki ilisema ni sonona, ikamwongezea dawa nyingine, lakini hakupata nafuu. Daktari mwingine ndiye aliyeagiza kipimo cha tezi ya thairoidi: TSH, yaani homoni inayoichochea tezi ifanye kazi, ilikuwa 14.2, wakati maabara yenyewe inaonyesha kiwango cha kawaida kuwa 0.4 hadi 4.0, na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ilikuwa chini. Kiwango cha lithiamu katika damu ni 0.7.

Mama anataka aache lithiamu leo, kwa sababu anaona shingo ya binti yake imeanza kujaa. Naomba wenye ujuzi mnieleze: je, ni kweli kwamba dawa hii ndiyo iliyoathiri tezi, na je, kuiacha ndiyo njia sahihi?

Mfamasia wa Pwani

Kaka, pole sana, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Jibu la swali la kwanza ni kwamba inawezekana sana, na jambo hili si geni kwa wataalamu. Daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za manufaa ya lithiamu mwaka 1949, na ilipofika mwaka 1968 Mogens Schou na wenzake wa Denmark walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa waliovimba tezi ya shingo wakiwa katika matibabu hayo.

Lithiamu hujikusanya ndani ya tezi ya thairoidi kwa wingi kuliko ilivyo katika damu. Huko huvuruga hatua kadhaa za utengenezaji wa homoni, lakini pigo lake kubwa ni kuzuia homoni iliyokwisha kutengenezwa isitoke kuingia katika damu. Ubongo unapotambua kwamba homoni imepungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa TSH nyingi zaidi ili kuichochea tezi ya shingo ifanye kazi, na kwa kuchochewa hivyo bila kupumzika tezi hiyo huweza kukua. Rovu ambalo mama ameliona na ile 14.2 iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara huenda vina asili moja.

Athari hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hasa wale ambao katika ukoo wao kuna magonjwa ya tezi au ambao damu yao ina kingamwili zinazoishambulia tezi. Kwa hiyo ulizeni kama mama, shangazi au bibi amewahi kutibiwa tezi, kisha mumweleze daktari. Zingatia pia kwamba kiwango chake cha 0.7 ni kizuri na kimo ndani ya mipaka ya tiba, maana yake ni kwamba tezi inaweza kuathirika hata pale ambapo dozi ni sahihi na mgonjwa ni mwaminifu kwa dawa zake.

Msomaji wa Ruvu

Kwa maoni yangu, kama lithiamu imeharibu tezi, basi abadilishiwe apewe kabamazepini au valproeti, kwa kuwa zote ni dawa za baipola na hazina madhara hayo. Kwa nini mtu aongezewe dawa ya pili ili kutibu madhara ya dawa ya kwanza?

Tabibu wa Nyanda za Juu

Ndugu yangu wa Ruvu, hoja yako ina msingi wa huruma na ninaiheshimu, lakini naomba tuiangalie kwa makini, kwa sababu familia inaweza kuifuata.

Kabamazepini nayo huigusa tezi, ila kwa njia tofauti. Huamsha vimeng'enya vya ini ambavyo huivunja homoni ya thairoidi kwa kasi, hivyo T4 hushuka katika vipimo huku TSH mara nyingi ikibaki kawaida, na mtu mwenye tezi nzima kwa kawaida hahitaji tiba yoyote. Mgonjwa ambaye tayari anameza homoni ya tezi ndiye anayeweza kupungukiwa, na akalazimika kuongezewa dozi. Kwa upande wa valproeti, wapo wagonjwa ambao TSH yao hupanda kidogo, lakini hilo si tatizo kubwa kwa dada huyu. Tatizo kubwa ni kwamba yeye ni mwanamke wa miaka 34, na valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, ikiwa ni pamoja na kasoro za uti wa mgongo na madhara katika ukuaji wa akili. Kwetiapini, dawa nyingine ya baipola ambayo wengine wataitaja, huweza kushusha T4 kwa kiasi, mara nyingi bila dalili zozote. Haloperidoli, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, na dawa za jamii yake hupandisha homoni ya prolaktini, na mwanamke akikosa hedhi kwa sababu hiyo, watu huweza kuilaumu tezi bure.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa mama alisikie. TSH iliyopanda hivi pamoja na T4 iliyoshuka ina tiba inayojulikana, nayo ni levothairoksini, yaani homoni ileile ambayo tezi ingeitoa. Lakini mtu mwenye baipola akiacha lithiamu ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo ndani ya wiki au miezi michache, na hatari ya kujiua huongezeka. Nimewahudumia wagonjwa waliofika katika hali hiyo, na si hali ninayomwombea mtu yeyote. Dada huyu amekaa karibu miaka miwili bila kuugua tena, na mafanikio hayo hayapaswi kutupwa kwa ajili ya tatizo linalotibika. Uamuzi wa kubadilisha dawa unaweza kufanywa, lakini ufanywe na daktari wa afya ya akili kwa kupunguza dozi taratibu na kwa sababu iliyopimwa.

Kuhusu ile dawa ya sonona aliyoongezewa, naelewa jinsi ilivyotokea. Uchovu, mawazo mazito, usingizi na kunenepa ni dalili za sonona, na pia ni dalili za upungufu wa homoni ya thairoidi. Kwa sababu hiyo, kwa mgonjwa anayetumia lithiamu kipimo cha TSH kinapaswa kutangulia kabla ya kumwongezea dawa yoyote ya sonona. Tezi inapaswa kupimwa kabla ya kuanza lithiamu, kisha kila baada ya miezi 6, pamoja na figo na madini ya kalisi, kwa kuwa dawa hii huweza pia kuziathiri tezi ndogo za paradundumio zinazosimamia kalisi. Je, figo na kalisi vimepimwa?

Bi Mwanakheri

Assalaam alaykum, kaka yangu. Mimi ni mgonjwa, si mtaalamu, na ninatumia lithiamu na levothairoksini pamoja kwa miaka mingi sasa. Naomba umwambie mdogo wako kwamba nafuu haiji kwa siku mbili. Mimi baridi na choo kigumu viliondoka kwanza, akili ikachelewa, na uzito ukawa wa mwisho. Wengi huvunjika moyo katika wiki za mwanzo wakadhani dawa haifanyi kazi.

Kidonge cha tezi anakimeza asubuhi na mapema kwa maji matupu, kisha anasubiri angalau nusu saa kabla ya chai. Ikiwa anatumia vidonge vya madini ya chuma au kalisi, aviache mbali kwa saa nne, la sivyo homoni haitafyonzwa vizuri. Vilevile mtazameni kwa upole: akianza kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka, msiharakishe kusema baipola imerudi wala msinyamaze. Rudini kliniki, kwa kuwa homoni ikizidi nayo huleta mambo hayo, na lithiamu ikizidi nayo hutetemesha mikono.

Kaka wa Dodoma

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Figo zilipimwa na ziko salama. Kalisi haikupimwa, na nitaliomba hilo. Mama amekubali kusubiri baada ya kusomewa majibu haya. Limebaki jambo moja: shangazi yetu aliyeko Unguja ametuma unga wa mwani, akisema tezi inataka iodini, na mdogo wangu mwenyewe ameamua kuacha chumvi kabisa ili apungue. Je, haya yana ubaya?

Mfamasia wa Pwani

Yote mawili yana hatari, kaka, na nashukuru umeuliza kabla hayajaendelea.

Shangazi ana sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa katika maeneo ya milimani ambako iodini ilikosekana ardhini, rovu lilikuwa jambo la kawaida, na ndiyo maana chumvi yetu hutiwa iodini. Lakini tezi ya mdogo wako haikuzuiwa kwa kukosa iodini. Iodini nyingi, kama inavyoweza kupatikana katika unga wa mwani ambao kiasi chake hakijulikani, nayo huzuia tezi isitoe homoni, na ikikutana na lithiamu huzidisha kizuizi kilekile. Chumvi ya kawaida ya jikoni inamtosha. Mwani aache kuutumia, na shangazi aelezwe kwa heshima.

Kuhusu kuacha chumvi, figo haziwezi kutenganisha vizuri lithiamu na sodiamu. Mwili ukipungukiwa chumvi, figo hurudisha sodiamu na kurudisha lithiamu pamoja nayo, hivyo kiwango cha 0.7 kinaweza kupanda bila dozi kubadilika, na kikivuka 1.5 tunazungumzia sumu. Kuhara, kutapika, jasho jingi bila kunywa maji, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huleta matokeo kama hayo. Ale chumvi kwa kiasi kilekile alichozoea, wala asiongeze.

Kama daktari atamwanzishia levothairoksini, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu homoni hiyo hukaa mwilini muda mrefu na kupima mapema kutatoa majibu yasiyoaminika. Kama anameza vidonge vya nywele vyenye biotini, kwa kuwa umesema nywele zinakatika, avisimamishe siku chache kabla ya kipimo, maana huvuruga mashine za maabara. Siku hiyohiyo aombe na kiwango cha lithiamu, damu ikitolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: akimeza saa tatu usiku, awepo maabara saa tatu asubuhi, na kidonge cha lithiamu cha asubuhi, kama anacho, akimeze baada ya kutolewa damu.