Tuta la maua ukutani limekaa bapa, nifanyeje lionekane limeingia ndani?

Mzee_wa_Kibaraza
Wakuu habari za humu. Naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya bustani. Nipo Kigamboni, nyuma ya nyumba kuna ukuta wa tofali futi saba hivi na ndio unaoonekana ukikaa kibarazani jioni. Chini yake nna tuta la maua urefu mita 12, upana mita moja, nyuma nimeweka duranta za njano, katikati iksora nyekundu, mbele kabisa zile tradeskanshia za zambarau zinazotambaa. Maua yamekubali vizuri tu, udongo nimeweka samadi, maji yapo, hakuna kilichokufa. Ila ukiangalia unaona mistari mitatu ya rangi imebandikwa ukutani basi. Nimeona bustani za watu wengine eneo dogo tu lakini jicho linaingia ndani, unahisi kuna kitu kingine kule nyuma. Wanafanyaje? Sitaki kubomoa ukuta wala kununua miti mikubwa.

FundiMiche
Mkuu hongera, mtu aliyefikisha duranta na iksora zikiwa na afya kwenye mchanga wa Kigamboni hana kazi kubwa iliyobaki. Kinachokusumbua ni ile mistari. Umeipanga kama wanafunzi paredi ya asubuhi, warefu nyuma wafupi mbele, kila mmoja anaonekana kuanzia kichwani mpaka miguuni. Sasa jicho likishaona kila kitu kwa mara moja linatafuta nini tena? Kina kinakuja pale mmea mmoja unapomficha mwenzie kidogo, unaona nusu ya jani, unaona ua limechungulia, kichwa kinajua kuna kitu nyuma yake.

Kwahiyo cha kwanza ongeza upana, mita moja haitoshi kwa urefu wa mita 12. Kama eneo linaruhusu toka mpaka mita mbili na nusu sehemu moja, alafu sehemu nyingine rudi mita moja na nusu, ukingo uwe na kona kubwa laini na sio vijimawimbi vingi vidogo. Chukua mpira wa maji uulaze chini kwenye nyasi, rudi kibarazani ukae, angalia, nenda ukausogeze mpaka uridhike ndio uchimbe. Pale tuta linapotokeza mbele patakuwa panaficha kipande kinachofuata, hapo umeshapata nusu ya kazi bila kununua mche hata mmoja.

Cha pili nyuma kabisa acha kama sentimita 50 kati ya mimea na ukuta. Utapita kupogoa, ukuta hautashika unyevu, na kivuli kitakaa pale nyuma ya majani, kivuli hicho ndio kinafanya ukuta uonekane upo mbali.

Cha tatu vunja mistari. Iksora zipande tatu tatu au tano tano kwa pembetatu, nafasi sentimita 60, na kundi moja lirudi nyuma kabisa kati ya duranta, lingine lisogee mpaka karibu na ukingo. Kundi hilohilo lirudie mbele kidogo, lirudie tena kule mwisho, jicho litaruka kutoka moja kwenda lingine.

Rangi_na_Brashi
Namuunga mkono fundi, naongezea upande wa rangi maana mi nafundisha uchoraji na hapa naona jambo linaloweza kusaidia haraka. Rangi zako mzee zimekaa kinyume. Njano inang'aa, inakuja mbele yenyewe hata ukiiweka nyuma, kwahiyo duranta zinauvuta ukuta wote kuja usoni kwako. Zambarau iliyokolea ndio inarudi nyuma, na wewe umeiweka mbele, matokeo yake nyuma na mbele vinakutana katikati.

Ukiwa Morogoro mjini angalia Uluguru asubuhi, mteremko wa karibu ni kijani kabisa lakini vilele vya mbali vinakuwa na bluu bluu hafifu. Ni hewa iliyopo katikati inatawanya mwanga wa bluu, na macho yetu yameshazoea kwamba cha mbali ni bluu na kimefifia. Tumia hiyo. Nyuma weka plambago, ile ya maua ya bluu mepesi, inapenda jua na majani yake ni madogo. Duranta ishushe mbele, inavumilia mkasi, ikate ibaki magotini.

Majani nayo yana kazi. Makubwa yakae karibu, mimea kama kana au krotoni za majani mapana, madogo na membamba yaende nyuma, maana kitu cha mbali tunategemea kionekane kidogo. Katikati chomeka hata mchaichai, majani yake yanainama vizuri na chai utapata.

Kuna mama mmoja Mwingereza, Gertrude Jekyll, alifariki 1932, alisomea uchoraji kabla ya kuwa mtu wa bustani. Kwake Munstead Wood alikuwa na tuta la maua la karibu mita 60, miisho yote miwili ameweka kijivu, bluu na rangi za kupoa, alafu kadri unavyokwenda katikati inakuwa njano, chungwa, mpaka nyekundu kali. Urefu wako ni mdogo lakini kanuni inafanya kazi hata hapo, rangi za moto ziweke sehemu moja, pembeni ziwe za kupoa.

Ukitaka kujipima piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Kama vyote vimekuwa kijivu cha aina moja, bado ni bapa hata kama rangi zinavutia.

BintiTanga
Shikamoo mzee. Mie naongeza kimoja tu, sio lazima kila kirefu kikae nyuma. Panda franjipani mmoja mbele, pembeni kidogo ya pale unapokaa, sio katikati. Shina lake lipo wazi chini, unatazama kupitia kwenye matawi, na vile vya nyuma vinaonekana vipo mbali zaidi. Na je, nyuma ya ukuta kwa jirani kuna nini? Kama kuna mwembe au minazi usiizibe, shusha mimea yako hapo ili macho yapande kutoka kwako yaende kwa jirani, ukuta unasahaulika.

Mzee_wa_Kibaraza
Marahaba binti, umenigusa, jirani ana mwembe mkubwa kona ya kulia na mimi ndio nilikuwa napanga kuuziba. Asanteni wote. Maswali mawili, ukuta ni mweupe je rangi ina shida? Na kuna mtu anataka kunipa miche ya oleanda bure, inafaa nyuma? Wajukuu huwa wanacheza hapo.

Rangi_na_Brashi
Mweupe unarudisha mwanga wote na unaonyesha pale bustani inapoishia. Paka kijani kilichokolea sana au kijivu cha mkaa, rangi isiyong'aa. Majani ya mbele yatajitokeza na ukuta utapotea nyuma yake.

FundiMiche
Oleanda hapana mzee wangu, kama wajukuu wapo usiipokee. Ni sumu yote, majani, maua, mpaka kijiti. Na hata hizo duranta, zile tunda za njano ndogondogo zina sumu kwa watoto, ukizikata fupi mara kwa mara hazitoi maua wala matunda kwahiyo ushauri wa mwalimu wa kuishusha una faida mbili.

Mpangaji_Tabata
Samahani kuingilia, sisi wa nyumba za kupanga tulio na korido ya sementi tu inawezekana?

FundiMiche
Inawezekana kaka, ndoo na vyungu vya ukubwa tofauti, vingine vipandishe juu ya tofali, vipange kwa pembetatu na vigusane majani, usivitandaze ukutani kimoja kimoja.

Mzee, kuhamisha subiri vuli ianze, mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja. Mwagilia jioni moja kabla, ng'oa iksora na donge lake la udongo, punguza matawi theluthi, panda jioni na utandaze majani makavu juu. Plambago ziachie karibu mita moja kila mche, zitatanuka, kipindi hicho matundu yatakuwepo na usijaze vitu vingine humo. Ukishachimba ukingo tuma picha kabla hujapanda chochote.